Picha ya Hamira

Basi lilimtua mgeni miguuni pa daraja, likageuza, likarudi lilikotoka. Alikuwa amezunguka nchi nyingi na alijua lugha za kutosha kugombana na karani wa mpaka wowote, lakini karani wa daraja lile hakutaka ugomvi. Alitaka picha mbili ndogo, uso mtupu, nyuma peupe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya huyu ilikuwa hiyo. Akaelekezwa mtaa wa nyuma, mlango wa kijani baada ya duka la dawa. Ukisikia watu wanabishana, akaambiwa, umefika kwa mpigapicha.

Akasikia watu wanabishana.

Kilikuwa chumba kimoja chenye benchi, shuka jeupe lililopigiliwa ukutani, taa mbili za kusimama, meza yenye kompyuta, na koti jeusi likining'inia msumarini. Ukuta wa pili ulijaa picha za watu wa mji: muuza nyama, mwalimu, wauguzi, bwana harusi, bibi mmoja asiye na meno. Wote walivaa makoti meusi. Mgeni alidhani ni kwaya. Alipotazama vizuri akagundua kwamba koti lilikuwa moja tu, lile la msumarini, na mji mzima ulikuwa umepita ndani yake. Mpigapicha yule hakumruhusu mtu atoke mlangoni pake na sura aliyoingia nayo. Mwenye chunusi aliondoka bila chunusi, mwenye shati lililochanika aliondoka na koti, na aliyenuna alisimuliwa habari za mbuzi wa jirani mpaka akacheka. Wateja walimpendea hilo.

Katikati ya chumba alisimama mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na gauni la bluu lenye mikono mirefu iliyofika viganjani. Nywele zilizochungulia chini ya kofia zilikuwa na rangi ya mkate uliotolewa tanurini mapema. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, yenye madoadoa puani kama ya yai la kware. Alishika karatasi karibu kabisa na uso, kama mtu anayenusa samaki wa jana. Kapu lilikuwa juu ya benchi, limefunikwa kitambaa, na harufu ya mikate ilikuwa imekishinda chumba kizima.

"Karibu, mgeni," alisema kabla hajamwona, kwa kuwa alisikia viatu visivyo vya mtaa ule. "Wewe huna ndugu hapa, hutampendelea mtu. Hebu sema. Huyu ni nani?"

Karatasi ilikuwa hati ya kuvukia daraja. Penye picha kulikuwa na mwanamke ndani ya koti jeusi, rangi yake ya kahawia iliyokolea, laini, isiyo na doa hata moja. Mashavu yalifanana na ya yule aliyesimama mbele yake, na mwanya wa meno pia. Mgeni akajibu kwa uangalifu kwamba labda ni dada yake.

Mwanamke alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Alisema karani wa daraja naye alitoa hukumu hiyo hiyo. Alimshauri akamwite dada yake aje avuke mwenyewe.

Mpigapicha, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alijitetea. Alieleza kwamba siku alipompiga picha mbele ya shuka, kwa taa zote mbili, kilichotokea kwenye kompyuta kilikuwa koti na macho mawili. Sura yote iliyobaki ilikuwa imezama kwenye shuka. Angempaje mteja koti lenye macho? Akaketi akamtengeneza taratibu, akamtia rangi, akamwondolea madoadoa, na kwa kweli alijivunia kazi ile kuliko ya bwana harusi.

"Nilikutendea wema," alimaliza. "Si wahenga wamesema, tenda wema nenda zako?"

"Ungekwenda zako kweli, Fundi, tusingefika hapa."

Mwanamke naye hakuweza kujivua lawama yote. Picha ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, macho yake hayaoni mbali wala hayaoni vidogo, na siku ile alikuwa ameacha unga ukiumuka. Aliipokea ikiwa ndani ya bahasha, akaipeleka ofisini, ikabandikwa na kupigwa muhuri na mtu ambaye hakuinua kichwa. Mpaka alipofika darajani asubuhi ile, hakuna aliyewahi kuwaweka wanawake hao wawili pamoja, yule wa karatasi na yule wa kweli.

Mjini walimwita Hamira. Wengine walidhani ni kwa sababu ya kazi yake, maana ndiye aliyekuwa mkuu wa tanuri katika bekari ya soko. Waliomjua vizuri walisema ni kwa sababu mazungumzo yoyote akiingia, yanapanda. Jina hilo alilipenda. Kulikuwa na mengine ambayo hakuyapenda, na aliyekuwa akimwita zeruzeru hakuuziwa mkate mpaka ajifunze kusema mtu mwenye ualbino. Kwa kuwa bekari nyingine ilikuwa mbali, watu walijifunza haraka.

Lakini siku hiyo hakuwa na haja ya kumfundisha mtu. Haja yake ilikuwa ng'ambo ya daraja. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua mtoto wa kike mweupe kama mama yake mkubwa. Wakwe walikuwa wameitisha kikao kesho yake asubuhi. Mama mkwe alishasema alilokusudia: mtoto yule hakutoka kwao, mwanawe amedanganywa, mama na kichanga chake warudi walikotoka, na kama hawarudi, basi mtoto akae ndani, asionwe na majirani. Shemeji mtu, baba wa mtoto, alikuwa amekwama katikati, akisema ndiyo kwa mama na ndiyo kwa mke. Aliahidi kumngoja Hamira upande wa pili, na daraja lilikuwa likifungwa jua linapotua. Asipovuka leo, kikao kingekaa bila yeye.

Mgeni aliuliza kwa nini wakwe hawakujua kwamba ukoo huo una mtu kama yeye.

"Harusini sikwenda," alisema Hamira. "Wazee wetu walisema jua kali, nisije nikaungua. Harusi yenyewe ilifungwa usiku."

Alilisema akitabasamu, kisha akajishughulisha na kitambaa cha kapu.

Alikuwa ameshapanga atakachosema kikaoni, na aliwapa wale wanaume wawili kionjo. Muuguzi wa kliniki ya ngozi alimweleza zamani kwamba jambo hili haliletwi na mama peke yake. Baba hubeba, mama hubeba, wote bila kujijua, na siku mbegu hizo mbili zinapokutana mtoto huzaliwa hivyo. Si laana, si uzinzi, si jini. "Ni kama michango ya harusi," alisema. "Pande zote mbili zimetoa. Nitamwambia mama mkwe, dada, mchango wenu tumeupata, ahsanteni."

Mpigapicha alicheka, akatazama nje jua lilipofika, akaacha kucheka. Ndipo lilipomjia wazo. Kabatini alikuwa na sanduku la poda za maharusi, rangi zote, kuanzia chai ya maziwa hadi kahawa. Kupiga picha mpya kulihitaji muda, na hakuna aliyejua kama ingetoka. Kama picha haifanani na uso, basi tuufananishe uso na picha. Apakwe, avuke, anawe.

Mgeni alidhani ni mzaha. Hamira hakudhani. Alivua kofia, akakaa kwenye kigoda, akatoa shavu la kushoto, na mpigapicha akaanza kazi kwa mkono mwepesi. Alikuwa hodari, shavu lilianza kuwa la yule mwanamke wa karatasini. Hamira aliendelea kusimulia huku akipakwa. Shuleni, alisema, walimkalisha nyuma kwa sababu alikuwa mrefu, na kutoka nyuma ubao ulikuwa ukuta tu. Mwalimu akaandika kwamba ni mvivu. Rafiki yake akawa anamsomea ubaoni kwa kunong'ona, na hadi leo akikumbuka hesabu za kuzidisha huzikumbuka kwa sauti ya rafiki, pamoja na kikohozi chake. Bekarini nako mwenye bekari alimficha kwenye chumba cha tanuri, akiogopa wateja watakataa mikate aliyoigusa. Akaugua wiki moja. Wateja wakaja juu kuuliza nani ameiharibu mikate. Alipopona, mwenye bekari alimtoa nje mbele yao, akamwonyesha kama bingwa wa mpira.

"Na wanaosema sisi hatufi, tunapotea tu," alisema, "nawaambia ningeijua hiyo kazi ya kupotea, ningekuwa napotea kila sufuria zinapotaka kuoshwa."

Yapo aliyoyasimulia bila mzaha, kwa kifupi. Mama yake hakuwahi kumwacha atembee peke yake. Mara mbili watu asiowajua walimwomba unywele mmoja tu, kwa upole, kama mtu anavyoomba chumvi. Alipokuwa msichana, mzazi wa mwenzake mwenye hali kama yake alihama mji na mtoto bila kuaga, na kila mtu alijua kwa nini. "Mimi si dawa ya mtu," alisema. Mpigapicha akasimamisha brashi kidogo, kisha akaendelea.

Shavu moja lilipokamilika, alimpa kioo.

Hamira alikisogeza karibu na uso, akageuka upande wa kahawia, akageuka upande wake mwenyewe. Mgeni alisubiri kicheko, lakini hakikuja. Hamira aligeuza tena na tena, kama mtu anayejaribu kukumbuka nyumba ambamo hajawahi kuishi. Kisha akachukua kitambaa cha mikate, akalowesha ncha kwenye kikombe cha maji, akaanza kufuta.

Mpigapicha alishangaa. Alimkumbusha kwamba atanawa akishavuka, kwamba ni hatua chache tu za daraja, kwamba jua halimngoji mtu.

"Na nikirudi?" alisema Hamira. "Nijipake tena? Na mwakani nikienda kumtazama mtoto, nije na sanduku lako? Karani hakukosea, Fundi. Hati hiyo ni ya mwanamke mwingine. Nakwenda kuwaambia watu wasimfiche mtoto, halafu nipite mpakani nimejificha? Nipe yangu. Isipotoka, nitalala darajani."

Mpigapicha alirudisha sanduku kabatini, akabaki ametazama shuka lake na taa zake. Mgeni aliona kwamba mtu yule hakuwa mvivu wa moyo. Tatizo lilikuwa kwamba taa zile alizifunga mahali pake siku alipofungua duka, akazipimia watu wa rangi moja, na tangu hapo hakuwahi kuzisogeza. Kila aliyeingia alitakiwa aufuate mwanga. Sasa mwanga ulitakiwa umfuate mtu.

Jaribio la kwanza lilikuwa msiba. Taa zilipowaka Hamira alifumba macho, yakatiririka machozi. Alieleza kwamba macho yake yana ngoma yake yenyewe. Hucheza huku na huku hata yakiwa yametulia, na mwanga mkali huongeza mdundo. La pili, macho yalikuwa wazi lakini sura ilizama tena shukani. Mpigapicha alikuna kichwa, akaomba radhi, akakuna tena.

Kisha akazima taa moja. Nyingine akaigeuza iangalie ukuta, mwanga uje ukiwa umechoka. Akafungua mlango nusu. Akang'oa misumari ya shuka, akampa mgeni ncha zake na kumwamuru arudi nalo nyuma mpaka pembeni ya kabati, mikono juu, asitikisike. Mgeni, aliyewahi kubeba mizigo yake katika bandari nyingi, alisimama hapo kama kamba ya kuanikia nguo. Hamira akakaa mbali na shuka, na kwa mara ya kwanza palikuwa na nafasi kati yake na weupe wa nyuma.

"Vaa koti," mpigapicha akasema kwa mazoea.

"Sivai."

"Hamira, mji mzima—"

"Mji mzima una koti. Mimi nina gauni."

Mpigapicha akainama kwenye kamera, akapunguza mwanga, akatazama, akapunguza tena. Alinong'ona kwamba anatafuta madoadoa ya puani. Akiyaona hayo, amempata. Akamwambia Hamira afumbe macho apumzike, ahesabu mikate kichwani, afumbue atakapoambiwa. Mbuzi wa jirani hakutajwa.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, wote watatu waliinama. Nyuma palikuwa na weupe wa maziwa ya kijivu kidogo, na mbele yake mtu: kope za rangi ya mchanga, macho wazi, mwanya wa meno umejificha nyuma ya midomo iliyokuwa karibu kucheka, vumbi la unga kwenye ukosi wa gauni. Na madoadoa yote, kila moja mahali pake. Hamira alisogeza pua hadi karibu iguse kioo.

"Ee," alisema. "Kumbe nimezeeka."

Mkono wa mpigapicha ulikwenda wenyewe kwenye kipanya, tayari kuondoa kunyanzi moja chini ya jicho. Hamira aliushika mkono, taratibu, na kuuweka juu ya meza.

Mgeni naye alipigwa picha yake haraka haraka, taa zikiwa zimerudishwa, akiwa ndani ya koti kama raia wengine, kisha wakafuatana hadi darajani. Jua lilikuwa limeinama lakini bado lilikuwa na meno, na Hamira alitembea upande wa kivuli cha majengo, akiyajua yote kama mtu anayejua vituo vya maji. Watu walimsalimu kutoka milangoni. Wengine waliuliza kama kesho kutakuwa na mikate, akawajibu kwamba kutakuwa nayo ila wasimlaumu atakayeioka.

Dirishani kwa karani palikuwa na foleni. Mtu mmoja mbele yao, mwenye kofia ya nailoni, aligeuka, akamtazama Hamira juu hadi chini, akamwambia mwenzake kwa sauti isiyo ya chini sana kwamba mali inavuka hiyo. Mwenzake alitazama pembeni. Mgeni alimsogelea Hamira. Alikuwa amesikia maneno ya aina hiyo katika lugha nyingine, na alijua yanakoweza kufika.

Hamira alivua kofia ili mtu yule amwone vizuri.

"Mali ina mwenyewe, kaka," alisema. "Na mwenyewe ndiye mimi."

Mama mmoja aliyekuwa na ndoo alicheka, kisha foleni yote. Mtu wa kofia ya nailoni alijaribu kucheka nao, akakosa pa kuingilia. Karani, ambaye masikio yake yalikuwa mazuri kuliko tabasamu lake, alimwagiza aende mwisho wa foleni akasubiri, na akaongeza kwamba neno lile akilirudia atalirudia mbele ya polisi.

Kisha akapokea picha ya Hamira. Aliitazama, akamtazama, akaitazama tena, kama fundi anayepima mlango na fremu yake. Akaibandua ile ya zamani kwa ncha ya kisu, akapaka gundi, akabandika mpya, akapiga muhuri.

"Huyu nampitisha," alisema. "Na yule mwingine?"

"Mwambie Fundi amwoe."

Picha za mgeni hazikuwa na bahati hiyo. Karani alizishika dirishani kwenye mwanga, akauliza huyu kijana ni nani. Kweli, mpigapicha alikuwa amemwondolea makunyanzi yote na mvi zote, zawadi ya bure kwa mgeni. Akaambiwa arudi kesho na uso wake. Hamira alicheka mpaka akashika ukuta, akafungua kapu, akampa mkate mmoja wa kumfariji, bado laini, na kumwambia asimkasirikie Fundi. Mtu aliyezoea kuwapamba watu huchukua muda kujifunza kuwatazama.

Mgeni alimuuliza atamtambuaje shemeji ambaye hajawahi kumwona.

"Mimi simtafuti," alisema. "Nimemwagiza mdogo wangu amwambie atafute mtu anayefanana na mwanawe."

Akavaa kofia, akainua kapu, akaingia darajani. Mgeni alibaki kwenye kizuizi cha mbao, akimtazama. Alitembea katikati, bila haraka, akipishana na baiskeli na watu wenye mizigo. Upande wa pili alisimama mwanaume mwembamba mwenye shati jeupe, akichungulia kila uso uliovuka. Aliwapisha wanawake kadhaa. Kisha akamwona, na mikono yake, iliyokuwa ikikunja na kukunjua mikono ya shati, ikaacha.

Kwa umbali ule mgeni hakusikia kitu. Aliona mwanaume akibaki amesimama, akimtazama. Aliona Hamira akisimama pia, akimwacha atazame apendavyo: nywele, pua, mikono, mtu mzima mwenye viatu vya kazi na kapu la mikate. Kisha mwanaume alisema neno, na Hamira akajibu jambo refu, akionyesha kidole kwake, halafu kwa mwanaume, halafu kwake tena. Pengine ilikuwa ile habari ya michango ya harusi, na pengine hakutaka kuingoja kesho. Mwanaume aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa akicheka, cheko la mtu aliyekuwa hajacheka kwa siku nyingi, na akalipokea kapu kwa mikono miwili.

Wakaondoka pamoja, shemeji akitembea upande wa jua, Hamira kivulini mwake.